Ndani ya Kibuyu cha Mtindi: Vimeng'enya na Jeni Zinazoviamuru

Mada ya mazungumzo ya leo ni uchachushaji, yaani ile kazi ya kimyakimya inayogeuza maziwa yakawa mtindi, uji ukawa togwa, donge la unga likaumuka, na maji matamu ya mnazi yakawa tembo. Ni kazi inayojulikana katika kila nyumba ya Afrika Mashariki, na kwa sababu imezoeleka mno, ni wachache wanaosimama na kuiuliza maswali.

Mazungumzo haya yataiuliza maswali matatu. La kwanza: ni nani anayeifanya kazi hiyo ndani ya kibuyu, chungu au sufuria? La pili: anaifanya kwa chombo gani? La tatu, ambalo ndilo kiini cha mada ya leo: ni nani anayeamua chombo hicho kitolewe lini na kiwekwe lini? Msikilizaji ayashike maswali hayo matatu, kwa kuwa kila hatua ya mazungumzo itayarudia.

Swali la kwanza, basi: ni nani mfanyakazi? Kwa karne nyingi watu walijua kwamba maziwa yakiachwa huchachuka na kuganda, lakini katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 wanakemia wenye sauti kubwa barani Ulaya walishikilia kwamba mabadiliko hayo ni ya kikemikali tu, kama chuma kinavyoshika kutu, na kwamba hakuna kiumbe hai anayehusika. Mwaka 1857 Mfaransa Louis Pasteur, aliyekuwa akifundisha katika mji wa Lille, alitoa maelezo ya uchunguzi wake juu ya uchachu wa maziwa, ambamo aliona kwa hadubini chembe ndogo mno zilizoongezeka kadiri uchachu ulivyoongezeka, na ambazo zilipochukuliwa kidogo na kutiwa katika maji mapya yenye sukari na virutubishi, nayo yalichachuka vivyo hivyo. Pasteur akahitimisha kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai. Mama wa Kiafrika anayebakiza mtindi kidogo wa jana ili agandishie maziwa ya leo amekuwa akifanya jaribio hilohilo tangu zamani, ila yeye hakuwa na hadubini.

Wafanyakazi hao ni wa makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni bakteria wa asidi ya maziwa, ambao hula sukari na kuacha asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoleta uchachu wa mtindi na togwa. Kundi la pili ni hamira, ambayo ni aina ya kuvu wa chembe mojamoja, nayo hula sukari ikaacha hewa ya ukaa pamoja na kileo. Hewa hiyo ndiyo inayoumua maandazi na vitumbua, na kileo hicho ndicho kilichomo katika mbege ya Kilimanjaro na katika tembo la pwani. Mara nyingi makundi hayo mawili hukaa pamoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wakishirikiana na wenzao wa Norway, walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa togwa ya Tanzania, na ndani yake walikuta bakteria wa asidi ya maziwa wakiishi bega kwa bega na hamira.

Jibu la swali la kwanza limepatikana: mfanyakazi ni kijiumbe hai. Sasa swali la pili: anatumia chombo gani?

Hata baada ya Pasteur, wataalamu walibishana kama ni lazima kijiumbe awe hai ndipo uchachu utokee. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira pamoja na mchanga hadi chembe zake zikapasuka, akaikamua ikatoa maji yake, kisha akayatia sukari nyingi kwa nia ya kuyahifadhi yasiharibike. Badala ya kutulia, maji yale yalianza kutoa mapovu. Hapakuwa na chembe hai hata moja, na bado sukari ilikuwa ikigeuka kileo na hewa. Kwa ugunduzi huo Buchner alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1907, na dunia ikajua kwamba ndani ya kijiumbe mna vitu vinavyoweza kufanya kazi hata mwenyewe akiwa amekufa. Vitu hivyo ndivyo vinavyoitwa vimeng'enya.

Kimeng'enya ni nini hasa? Kwa sehemu kubwa vimeng'enya ni protini, jambo lililothibitishwa na Mmarekani James Sumner mwaka 1926, alipofanikiwa kupata kimeng'enya kimoja cha maharage kikiwa safi katika umbo la fuwele. Kila kimeng'enya kina umbo lake mahsusi, hushika kitu cha aina fulani tu, hukikata au hukiunganisha, kisha hukiachia na kushika kingine, bila chenyewe kuliwa na kazi hiyo. Mchi hutwanga mahindi pishi baada ya pishi, na wenyewe haugeuki unga. Ndivyo kilivyo kimeng'enya, isipokuwa kwamba mchi hutwanga kila nafaka, na kimeng'enya huchagua.

Msikilizaji anayetaka ushahidi anaweza kuupata mdomoni mwake. Akitafuna tonge la ugali au kipande cha mkate kwa muda mrefu bila kumeza, taratibu atahisi utamu, kwa sababu ndani ya mate mna kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho hukata wanga kuwa sukari. Amilesi hiyohiyo, ya asili tofauti, ndiyo siri ya kimea. Punje ya ulezi iliyo kavu hukaa kimya, lakini ikiloweshwa na kuanza kuchipua hutengeneza amilesi kwa wingi ili ikate wanga wake na kuulisha mmea mchanga. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na wenzao wa Sweden, walionyesha kwamba uji mzito wa mtoto ukitiwa unga kidogo wa kimea hulainika na kunyweka kwa urahisi, kwa hiyo mtoto mwenye tumbo dogo hupata chakula kingi zaidi katika kikombe kilekile. Anayetengeneza togwa hutumia maarifa hayo: huacha uji upoe hadi uwe vuguvugu, kwa kuwa joto kali huharibu umbo la kimeng'enya, kisha hutia kimea, wanga hukatwa ukawa sukari, na bakteria hupata cha kula. Ndiyo maana togwa huanza kwa utamu na kuishia kwa uchachu.

Jibu la swali la pili nalo limepatikana: chombo cha kazi ni kimeng'enya. Na sasa mazungumzo yanafika katika swali la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote: ni nani anayeamua?

Kila kimeng'enya hutengenezwa kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa katika vinasaba vya kiumbe, yaani zile nyuzi ndefu za kikemikali anazorithi kutoka kwa mzazi wake, na kila fungu la maelekezo ya kutengeneza protini moja huitwa jeni. Hamira ina jeni zipatazo 6,000. Bakteria wa utumbo aitwaye Escherichia coli ana zaidi ya 4,000. Je, kijiumbe mwenye maelfu ya jeni huzisoma zote kwa wakati mmoja? La, hawezi, wala haimfai. Kutengeneza protini hugharimu nguvu, na kijiumbe anayetengeneza kimeng'enya cha sukari isiyokuwapo ni sawa na mkulima anayelipa vibarua wa kuvuna katika shamba ambalo bado halijapandwa. Katika ulimwengu wa vijiumbe, ambamo majirani wote wanagombea chakula kilekile, mwenye kutapanya hupitwa na mwenye kuweka akiba.

Jambo hilo lilianza kuonekana wazi jijini Paris wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jiji likiwa limekaliwa na majeshi ya Ujerumani. Mwanasayansi kijana, Jacques Monod, aliwalisha bakteria sukari mbili katika chombo kimoja, akapima jinsi wanavyoongezeka. Katika michanganyiko fulani aliona jambo la ajabu: bakteria waliongezeka upesi, kisha wakasimama kwa muda kana kwamba wamechoka, halafu wakaanza kuongezeka tena. Ilidhihirika kwamba walikuwa wakila sukari moja kwanza, ambayo kwa kawaida ni glukosi, na ilipokwisha ndipo walipoanza kujiandaa kwa ile ya pili. Kile kipindi cha kusimama hakikuwa uchovu wala uvivu. Kilikuwa kipindi cha kutengeneza vimeng'enya vipya ambavyo hapo awali havikuwa na kazi.

Msikilizaji akumbuke neno hilo, kipindi cha kujiandaa, kwa maana mazungumzo yatalirudia jikoni.

Ilichukua karibu miaka ishirini kueleza jinsi maandalizi hayo yanavyoamriwa. Mwaka 1961 Monod na mwenzake François Jacob, katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris, walichapisha maelezo yao kwa kutumia mfano wa laktosi, yaani sukari ya maziwa. Escherichia coli ana jeni tatu za kushughulikia laktosi, zilizopangwa mfululizo kwenye uzi wa vinasaba na kusomwa kwa pamoja. Moja ni ya kimeng'enya kinachokata laktosi vipande viwili, na nyingine ni ya protini inayoiingiza laktosi ndani ya chembe. Kundi la jeni linaloongozwa kwa pamoja namna hiyo waliliita operoni. Mwanzoni mwa operoni pana mahali pa kufungia, na hapo hukaa protini zuizi, mfano wa komeo la mlango. Komeo likiwa limefungwa, jeni zile karibu hazisomwi kabisa, na chembe hubaki na vimeng'enya vichache mno vya laktosi.

Je, komeo hufunguliwa na nani? Jibu lake ndilo lenye uzuri wa pekee. Maziwa yakifika, laktosi kidogo hupenya ndani, vimeng'enya vile vichache huigeuza kuwa sukari inayofanana nayo, na sukari hiyo huishika protini zuizi na kuibadili umbo, hata ikashindwa kung'ang'ania mahali pake. Komeo limeondoka. Jeni zinasomwa, na vimeng'enya huongezeka mara mamia hadi takribani mara elfu. Laktosi ikimalizika, hakuna tena wa kulizuia komeo, nalo hurudi mahali pake. Kwa maneno mengine, chakula chenyewe ndicho kinachotoa amri ya kutengenezwa kwa chombo cha kukilia. Tena, palipo na glukosi ya kutosha, operoni haisomwi kwa nguvu hata kama laktosi ipo, kwa kuwa glukosi ni rahisi zaidi kuliwa. Na hiyo ndiyo sababu ya bakteria wa Monod kula kwa zamu. Monod, Jacob na André Lwoff walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1965.

Kwa hiyo jibu la swali la tatu ni hili, na linastahili kurudiwa: kijiumbe ndiye afanyaye kazi, kimeng'enya ndicho chombo chake, jeni ndiyo iliyobeba maelekezo ya kukitengeneza chombo, na mazingira, yaani chakula, joto, hewa na uchachu uliomzunguka, ndiyo yanayoamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze.

Je, maarifa hayo yanamhusu nini mpika maandazi? Yanamhusu sana. Unga wa ngano una sukari nyepesi kidogo tu, na hamira ikitiwa humo huimaliza sukari hiyo kwanza. Baada ya hapo hubaki na maltosi, ambayo ni sukari inayotokana na wanga wa unga uliokatwa na amilesi, lakini jeni za maltosi katika hamira hunyamazishwa pale glukosi inapokuwa tele. Ndipo kile kipindi cha kujiandaa kinapojitokeza tena, safari hii ndani ya bakuli lililofunikwa kwa kitambaa, na mpishi anayesubiri donge liumuke anaisubiri hamira yake ibadili vyombo vya kazi.

Muhogo mchungu unafundisha somo hilohilo kwa ukali zaidi. Muhogo huo una kitu ambacho kikivunjwa hutoa sianidi, ambayo ni sumu kali, na ndani ya mzizi wenyewe mna kimeng'enya cha kukivunja, ila viwili hivyo hukaa katika vyumba tofauti vya chembe za mmea. Muhogo ukilowekwa, vijiumbe huzaana majini na kutengeneza vimeng'enya vinavyolegeza kuta za chembe hizo. Kuta zikilegea, kile kitu na kimeng'enya cha muhogo hukutana, sianidi hutoka, ikapotea majini na hewani. Ulaini wa muhogo uliolowekwa kwa siku tatu ni alama kwamba kazi ya kuta imefanyika. Basi itakuwaje siku hizo zikipunguzwa? Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, ukame uliwaacha watu na muhogo mchungu tu, njaa ikawalazimisha kufupisha maandalizi, na zaidi ya watu 1,000, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo, ambao hauponi. Wahenga waliposema kwamba haraka haraka haina baraka hawakuwa wakizungumzia vimeng'enya, lakini kwa aliyeloweka muhogo mchungu usemi huo ni kanuni ya uhai.

Maarifa ya komeo la jeni yametoka pia katika maabara yakaingia hospitalini. Kwa miaka mingi wagonjwa wa kisukari walitegemea insulini iliyotolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1978 wanasayansi wa California, Marekani, walipandikiza maelekezo ya insulini ya binadamu ndani ya Escherichia coli, wakayaunganisha na jeni ya kile kimeng'enya cha laktosi, hata bakteria, ilipofunguliwa operoni yake, akatengeneza sehemu za insulini, ambazo ziliunganishwa baadaye. Mwaka 1982 insulini iliyotengenezwa na bakteria iliidhinishwa nchini Marekani kwa matumizi ya wagonjwa. Tanki kubwa la chuma la kiwandani, ambamo bakteria hulishwa na kupimiwa joto na hewa, ni chungu cha togwa kilichokuzwa. Kanuni ni ileile, na anayeliendesha huamuru jeni kwa kuamuru mazingira.

Wasikilizaji wapendwa, kabla ya kufunga kuna tahadhari mbili za kuzingatiwa. Ya kwanza ni kwamba mazingira humtii yeyote anayeyawahi. Kibuyu kichafu, maji yasiyo salama au joto lisilofaa huwapa nafasi vijiumbe wengine wasiotakiwa, nao wana jeni na vimeng'enya vyao. Bakteria wa asidi ya maziwa wakitiwa mapema na kwa wingi huongeza uchachu upesi, na uchachu huo huwazuia wengi wa vijiumbe waletao kuhara. Ndiyo faida ya kubakiza mtindi mzuri au togwa nzuri kuwa mbegu. Hata hivyo, nafaka iliyoota ukungu haifai kuwa kimea, kwa kuwa sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, haiwezi kutegemewa kuondolewa kwa kuchachusha.

Tahadhari ya pili inahusu urithi. Miongoni mwa bakteria wanaotumika sana duniani kugandisha maziwa yumo Lactococcus lactis, ambaye mara nyingi jeni zake za kula laktosi hazimo katika uzi mkuu wa vinasaba, bali zimo katika kipete kidogo cha pembeni kiitwacho plazimidi. Plazimidi hiyo hupotea kwa urahisi. Bakteria huyo akikuzwa kizazi baada ya kizazi katika chakula kingine kisicho maziwa, baadhi ya wazao wake huzaliwa bila hicho kipete, nao wakirudishwa katika maziwa hukua kwa shida na kushindwa kuyachachusha ipasavyo. Katika maziwa, kinyume chake, wenye plazimidi ndio wanaoshamiri. Kinachozihifadhi jeni hizo, basi, ni maziwa yenyewe, yakimiminwa tena na tena juu ya mbegu ya jana.

Hapo ndipo mazungumzo ya leo yanapotaka kumfikisha msikilizaji. Kibuyu cha mtindi kinachotumika kila siku ni hazina hai ya jeni, na mkono unaokitunza, ambao katika nyumba nyingi ni mkono wa mama au bibi, umekuwa ukichagua jeni hizo kwa kipimo cha joto, cha muda na cha usafi, vizazi kwa vizazi. Kibuyu kikitupwa, mbegu yake haiandikwi mahali popote. Inafaa basi kwamba vijana wanaosoma biolojia darasani waende jikoni na daftari, waulize ni maziwa gani, ni kuni gani za kufukizia kibuyu, ni saa ngapi za kusubiri. Na inafaa kwamba maabara za vyuo vya kanda hii ziendelee kukusanya na kuhifadhi vijiumbe wa vyakula vya nyumbani, zikitaja waziwazi nyumba na jamii zilizovitunza.

Maswali yalikuwa matatu, na majibu yake yakumbukwe: mfanyakazi ni kijiumbe, chombo chake ni kimeng'enya, na amri hutoka kwa jeni zinazosikiliza mazingira. Jioni ya leo, msikilizaji atakapofunika chungu cha togwa au kumimina maziwa juu ya mtindi wa jana, ajue kwamba ndani ya giza lile makomeo yameanza kufunguka.